Ukuta wa Ngozi na Wakazi Wake
Mhadhara mbele ya walimu, wauguzi na wakulima wa Mbulu na Hanang



Huenda wengi wenu, mliposikia kwamba mhadhara wa leo unahusu seramu na krimu zitokazo Korea ya Kusini, mlidhani kwamba hayo ni mambo ya mabinti wa mijini, wala hayawahusu wauguzi wa zahanati, walimu wa shule, na wakulima wa ngano na alizeti ambao wameacha shughuli zao kuja kunisikiliza. Nami muradi wangu ni kuwaonyesha kinyume cha hayo: ya kwamba chupa hii ndogo niliyoiweka mezani, ambayo haijazi hata mililita 30 na ambayo bei yake ingetosha kununua mafuta ya mgando ya nyumba nzima kwa mwaka, imebeba maswali ya elimu ambayo baadhi ya majibu yake yalitafutwa hapa hapa, kwenye wodi za Haydom na katika bonde la Yaeda, na kwamba watu wa nchi hii wana haki ya kuyajua majibu hayo kabla ya kutoa fedha zao.

Juu ya boksi la chupa yameandikwa madai mawili. La kwanza ni kwamba majimaji yaliyomo hujenga upya ukuta wa ngozi. La pili ni kwamba huwalisha na kuwasawazisha viumbe wadogo wakaao juu ya ngozi, ambao jumla yao elimu ya siku hizi huiita mikrobiomu. Madai haya huandikwa pamoja, sawa kwa sawa, na msomaji akadhani kwamba ithibati yake ni moja. Sivyo. La kwanza limesimama juu ya utafiti wa miaka mingi. La pili lina asili ya kweli, walakini biashara imeutangulia ushahidi kwa masafa marefu.

Tuanze na ukuta. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile ambalo wataalamu huliita tabaka la pembe, lina unene wa kama sehemu moja au mbili tu kati ya mia za milimita, isipokuwa kwenye viganja na nyayo ambako huzidi. Seli zake zimekwisha kufa, zimesinyaa na kulala bapa, moja juu ya nyingine, na kati yake yamejaa mafuta ya namna tatu: seramidi, ambazo ni karibu nusu ya uzito wote wa mafuta hayo; kolesteroli, ambayo ni kama robo; na asidi za mafuta. Peter Elias, tabibu wa ngozi wa San Francisco, ndiye aliyeufanya mashuhuri mfano wa matofali na udongo wa kuyashikia, seli zikiwa ndizo matofali na mafuta ndiyo udongo. Na mfano huo umedumu kwa sababu unasema kweli, kwa kuwa udongo ukipukutika, maji ya mwilini hutoka nje kama mvuke usioonekana, na vumbi, sabuni na vijidudu hupata njia ya kuingia. Hapo ngozi hukauka, huwasha, hupasuka, na mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna usiku kucha hata shuka ikawa na damu.

Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, Uskoti, walitangaza kwamba watu wengi wenye maradhi hayo katika Ulaya wamezaliwa na kasoro katika jeni moja itengenezayo protini iitwayo filagrini, ambayo ni nguzo ya tabaka hilo. Habari hiyo ilienea duniani pote, na makampuni ya vipodozi yakaishika kwa mikono miwili. Lakini wagonjwa wa Ethiopia walipopimwa, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2011, kasoro zile za Ulaya hazikuonekana kwao. Basi ukuta wa ngozi ya mtu wa Afrika ya Mashariki nao hudhoofika, tena hudhoofika sana, illa sababu zake si lazima ziwe zile zilizoandikwa katika vitabu vya Ulaya wala zile alizozikusudia mtengenezaji wa Seoul.

Sababu moja tunaijua vema, nayo imo bafuni mwetu. Tangu mwaka 1928, Wajerumani Schade na Marchionini walipoandika juu ya joho la asidi linalofunika ngozi, imejulikana kwamba uso wa ngozi una uchachu kidogo: kwa kipimo cha pH, ambacho maji safi hukaa kwenye 7, ngozi huwa karibu na 5. Sabuni ya mche tunayoikata vipande kwa kufulia, na ambayo nyumba nyingi za Mbulu huitumia vile vile kwa kuoga, hufika 9 hata 10. Mtu akijisugua nayo, uchachu ule huondoka, na huchukua saa kadhaa kurudi. Na katika saa hizo vimeng'enya vinavyotengeneza seramidi, ambavyo hupenda uchachu, hulegea kazi, ilhali vile vinavyokata viungo vya seli hupata nguvu. Ongezeni juu ya hayo upepo mkavu wa Juni na Julai katika miinuko yetu, na maji ya moto ambayo kila mmoja wetu huyatamani asubuhi za baridi, nanyi mtafahamu kwa nini miguu ya watoto wa shule huwa myeupe kama iliyopakwa jivu.

Katika mlango huu nawapa Wakorea haki yao kamili. Hao wamewazoesha vijana wa dunia kuosha uso kwa sabuni laini yenye uchachu unaokaribiana na wa ngozi, na kuyaheshimu mafuta ya ukuta badala ya kuyakwangua. Na kampuni ya NeoPharm, yenye krimu iitwayo Atopalm, ilijishughulisha na kupanga mafuta yanayofanana na seramidi katika matabaka kama yalivyo ndani ya ngozi yenyewe, kazi ambayo ni ya elimu wala si ya maneno matupu. Serikali yao nayo ina insafu. Mwaka 2017 sheria yao iliviruhusu vipodozi maalumu kudai kwamba husaidia ngozi kavu ya wenye pumu ya ngozi. Lakini ilipofika mwaka 2020, baada ya madaktari kulalamika kwamba jina la maradhi likiwekwa juu ya kipodozi mgonjwa huacha tiba, jina hilo likaondolewa, likabaki dai la kusaidia kurudisha kazi ya ukuta na kupunguza mwasho. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, nami ningependa kila muuza duka aijue.

Sasa niruhusuni nikae kidogo juu ya kitu kimoja kilichomo katika chupa, kwa sababu kisa chake ni chetu. Katika orodha ya vilivyomo, mara tu baada ya maji na vitu viwili vya kuvuta unyevu, limeandikwa jina la niasinamaidi. Hiyo ndiyo nikotinamidi, namna moja ya vitamini B3. Watu wa mahindi tunapaswa kuijua, maana mahindi yanayosagwa bila kutayarishwa kwa chokaa au majivu, kama tufanyavyo sisi kwa ugali, huifungia vitamini hiyo isimfae mlaji. Na mtu aishiye kwa mahindi peke yake, bila ya maharage, maziwa wala nyama, huweza kupata maradhi ya pelagra, ambayo hubabua ngozi mahali ipigwapo na jua, shingoni na mikononi, kisha huharisha tumbo na kuvuruga akili. Elvehjem wa Wisconsin alionyesha mwaka 1937 kwamba vitamini hii ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, Tanno na wenzake wa Japani walichapisha kwamba nikotinamidi ikiwekwa juu ya seli za ngozi huzifanya zitengeneze seramidi zaidi, na ikipakwa juu ya ngozi kavu ya watu hupunguza upotevu wa maji. Na mwaka 2002 ikaonyeshwa kwamba huzuia rangi isipite kutoka seli zinazoitengeneza hadi seli za juu, kwa hiyo hufifisha madoa kwa kiasi, pole pole, bila ya kuua kitu. Hayo ni mambo yaliyopimwa kwa watu, na ndiyo maana mimi siicheki chupa hii.

Lakini vitamini hiyo hiyo iliwahi kujaribiwa hapa Mbulu kwa njia nyingine. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kinorwe mwaka 1955, ulifanywa utafiti ulioitwa ELICIT, ambao uliandikisha watoto wachanga 1,188 kati ya Septemba 2017 na Agosti 2018. Hoja yake ilikuwa nzuri: watoto wa huku hula mahindi mengi, matumbo yao hushambuliwa na vijidudu vingi, ukuta wa utumbo hudhoofika, nao wanadumaa; basi mama anyonyeshaye apewe nikotinamidi, kisha mtoto mwenyewe apewe mpaka miezi 18, na kundi jingine lipewe dawa za kuua vijidudu, ili ionekane kama watakua zaidi kwa urefu. Wengine walipewa dawa isiyo na kitu, kama insafu ya utafiti inavyotaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: hapana tofauti ya urefu iliyoonekana, si kwa vitamini, wala si kwa dawa za vijidudu.

Matokeo hayo hayasemi neno lolote juu ya nikotinamidi ipakwayo usoni, kwa kuwa kilichopimwa ni urefu wa mtoto. Nayataja kwa sababu yanafundisha jambo ambalo hakuna tangazo litakalowafundisha: hoja yaweza kuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, kila kiungo chake kikashikana na chenzake, na bado mwili ukaikataa. Akina mama wa Haydom, waliokubali kuwaleta watoto wao kupimwa mwezi baada ya mwezi, waliipa dunia jibu la kweli, na jibu la hapana lina thamani ile ile ya jibu la ndiyo. Ni mara chache kampuni ya vipodozi kutoa jibu kama hilo.

Tukija kwa wakazi wa ukuta, yako mambo ambayo hayana shaka. Elizabeth Grice na Julia Segre, katika kazi yao ya mwaka 2009, walichukua sampuli katika sehemu 20 za miili ya watu wazima kumi wenye afya, wakaona kwamba makwapa, paji la uso na mkono wa mbele kila kimoja kina jamii yake ya bakteria, hata kwapa la mtu mmoja likafanana na kwapa la mwenziwe kuliko linavyofanana na mkono wa mwenyewe. Baadhi ya bakteria hao hutusaidia: yuko mmoja, Staphylococcus epidermidis, ambaye hutoa kimeng'enya kinachosaidia kupatikana kwa seramidi, na wako wengine wanaomzuia Staphylococcus aureus, yule mbaya anayezaliana juu ya ngozi ya mwenye pumu ya ngozi. Na watu wanaoishi mbali na miji huwa na wakazi wa namna nyingi zaidi. Hilo lilionekana kwa Wayanomami wa misitu ya Venezuela katika utafiti wa mwaka 2015.

Kutokana na ukweli huo ndipo biashara ilipojenga ghorofa zake. Na hapa lazima niwataje majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao jina lao sasa linajulikana katika kila maabara ya mikrobiomu duniani. Mwaka 2014 Stephanie Schnorr na wenzake walichapisha habari za vinyesi vya Wahadzabe 27 wa kambi za Dedauko na Sengele, wakivilinganisha na vya Waitalia 16 wa Bologna. Mwaka 2017 wataalamu wa Stanford walionyesha, kwa sampuli 350, kwamba bakteria wa matumbo yao hubadilika kwa majira, wengine wakitoweka wakati wa asali na matunda ya masika na kurudi kiangazi. Na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba utumbo wa Mhadzabe una kwa wastani aina zipatazo 730 za vijidudu, ilhali wa mtu wa California una aina 277. Hizo ndizo habari zilizowafanya watu wa mijini waamini kwamba wamepoteza wakazi wao na kwamba yafaa wawanunue upya.

Angalieni basi mambo mawili. Tafiti hizo zilikuwa za utumbo, si za ngozi. Na utumbo una giza, unyevu na chakula tele, ilhali ngozi ni kavu, chachu na maskini, na akaaye huko hawezi kukaa hapa. La pili ni zito zaidi. Katika utafiti ule wa 2014, bifidobakteria, wale wanaosifiwa kote kama bakteria wema na ambao dondoo la miili yao iliyosagwa limo katika chupa hii na katika krimu nyingine nyingi za Korea na za Ulaya, hawakuonekana kabisa katika matumbo ya Wahadzabe watu wazima. Watu hawa, ambao dalili za maradhi ya moyo ni haba sana kwao, wanaishi bila ya kijidudu ambacho tunaambiwa kwamba hatuwezi kuwa na siha pasipo yeye. Kwa hiyo hakuna orodha moja ya wema na waovu inayofaa wanadamu wote, na anayesema kwamba amesawazisha mikrobiomu ya ngozi yako, hali hajui ilikuwaje wala yapasa iweje, anasema asilolijua.

Tena hao bakteria wa chupani wamekufa. Kanuni za kimataifa zinataka kipodozi kisiwe na vijidudu hai zaidi ya 1,000 katika gramu moja, na kila mtengenezaji mwaminifu hutia kihifadhi, kama vile fenoksiethanoli, ili wasizaliane. Kitu chenye kihifadhi hakiwezi kuwa shamba la bakteria hai. Kilichomo ni maji ya uchachushaji au vipande vya seli, ambavyo huenda vikatuliza ngozi inayochomachoma, na yako majaribio madogo ya kupendeza juu ya hilo, akthari yake yakilipiwa na makampuni yenyewe. Lakini kutuliza si kupandikiza wakazi. Walipojaribiwa bakteria walio hai, ilikuwa kwa njia ya tiba: Richard Gallo wa San Diego mwaka 2017 aliwachukua bakteria wema wa wagonjwa wenyewe, akawakuza na kuwarudisha, na wale wabaya wakapungua. Bakteria mwingine, Roseomonas mucosa, alileta matumaini makubwa mwaka 2018, kisha katika jaribio kubwa zaidi la mwaka 2021 akashindwa kuishinda dawa isiyo na kitu.

Kwa hiyo mnapoisoma orodha ya vilivyomo, kumbukeni kanuni hii. Vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake, na fenoksiethanoli hairuhusiwi kuzidi asilimia 1. Basi kila kilichoandikwa nyuma yake hakizidi asilimia 1. Katika chupa yangu niasinamaidi iko mbele sana. Bakteria waliosagwa, ambao picha yao imejaa mbele ya boksi, wako nyuma ya kihifadhi, pamoja na dondoo la lile jani la Bukini liitwalo Centella, ambalo tangu miaka ya 1940 limekuwa likitumika kwa dawa za vidonda na sasa huuzwa kwetu kupitia Seoul.

Mtaniuliza: je, yule asiye na fedha ya chupa? Huyo hana hasara kubwa. Mama wa Kibarbaig anayempaka mwanawe samli, na mama anayepaka mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, wote wawili wanafanya lililo la maana, nalo ni kuyazuia maji yasitoke. Hata alizeti yetu ina sifa: mafuta yake yana asidi ya linoleiki, ambayo mwili huihitaji kutengeneza seramidi, na katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, walipatwa na maambukizo pungufu kwa asilimia 41. Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkawakande watoto wote kwa mafuta ya jikoni, maana kule Manchester mwaka 2016 ilionekana kwamba kwa watoto waliozaliwa kwa wakati wao mafuta ya alizeti na ya zeituni yalichelewesha mpangilio wa mafuta ya ngozi yao. Na tafiti mbili kubwa za mwaka 2020, moja ya Uingereza na moja ya Norwe na Uswidi, zilionyesha kwamba kumpaka kila mtoto krimu tangu kuzaliwa hakumkingi na pumu ya ngozi. Ukuta uliobomoka hurekebishwa. Ulio mzima hauhitaji fundi.

Limebaki jambo ambalo ndilo lililonileta hasa. Kijana anayetafuta ngozi ya Kikorea, akikosa fedha, aghalabu huishia kwenye mkorogo, ambao huchanganywa na krimu za steroidi, haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuuvunja ukuta wenyewe. Zebaki hupita ukutani ikaenda kuharibu figo, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umevipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na hapa kwetu tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini mnada ni mpana na mkaguzi ni mmoja. Nawaomba wauguzi, kila ajapo mtu mwenye vipele visivyopona au uso uliowiva, mumwulize kwa upole, faraghani, amepaka nini, wala msimwaibishe. Na palipo na maradhi ya kweli apelekwe Haydom, au hospitali ya KCMC kule Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna chuo cha kufundisha utabibu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Nanyi vijana, kabla ya kununua, someni boksi. Likikosa orodha ya vilivyomo, liacheni. Mkiona neno mercury, calomel au mercurio, liacheni. Na mkikuta onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha wala vito, jueni kwamba mna zebaki ndani yake, na kaipelekeni zahanati siku hiyo hiyo.